Tathmini ya Mounjaro, sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito

Mounjaro ni dawa inayofanya kazi, na kazi yake naiona kila ninapopanda mizani. Hata hivyo, anayeinunua akidhani kwamba atamaliza dozi kisha aendelee na maisha yake, kama mtu aliyetibiwa malaria, atatumia fedha nyingi kwa faida ya muda mfupi. Naandika nikiwa mtumiaji, si tabibu. Mimi ni mwanamke wa Mombasa ninayeishi Uingereza, nina shinikizo la damu, na uzito wangu uliongezeka kidogo kidogo baada ya kila uzazi. Sindano hii nimeitumia kwa muda wa kutosha kuyajua mazuri yake na maudhi yake.

Kiini cha dawa ni tirzepataidi, inayotengenezwa na kampuni ya Eli Lilly ya Marekani. Huko kwao iliidhinishwa Mei 2022 kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, na Novemba 2023 ikaidhinishwa kwa kupunguza uzito kwa jina la Zepbound. Hapa Uingereza jina la Mounjaro hutumika kwa kazi zote mbili. Huiga homoni mbili za utumbo, GLP-1 na GIP, zinazouarifu ubongo kwamba mtu ameshiba na kulifanya tumbo lichelewe kumwaga chakula. Wegovy na Ozempic, ambazo wengi wamezisikia zaidi, ni semaglutaidi ya Novo Nordisk ya Denmark, nayo huiga GLP-1 peke yake. Katika utafiti uliozilinganisha dawa hizi mbili ana kwa ana, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2025, waliotumia tirzepataidi walipungua kwa wastani wa asilimia 20.2 ya uzito wao, na wa semaglutaidi asilimia 13.7. Utafiti mkubwa wa kwanza wa tirzepataidi kwa watu wanene wasio na kisukari, uliotangazwa mwaka 2022, ulihusisha watu 2,539 kwa wiki 72. Waliotumia miligramu 5 walipungua kwa asilimia 15, waliofikia miligramu 15 wakapungua kwa asilimia 20.9, na waliodungwa sindano isiyo na dawa wakaishia asilimia 3.1. Wote walikuwa wakishauriwa kuhusu lishe na mazoezi, jambo ambalo wauzaji wengi hulipitia haraka. Wenye kisukari hupungua pia, ila kwa kawaida si kwa kiwango hicho.

Kiwango cha kuanzia ni miligramu 2.5 kwa wiki nne, nacho ni cha kuuzoesha mwili tu. Mabadiliko niliyaona sawasawa nilipopandishwa hadi miligramu 5. Njaa haikuondoka, na nisingependa mtu adhani kwamba inaondoka, kwa kuwa saa sita mchana tumbo bado linanikumbusha. Kilichoondoka ni kula bila njaa: kurudi jikoni usiku kutafuta mahamri yaliyobaki, kuchota wali mara ya pili kwa sababu sufuria bado iko karibu, au kuwaza chakula cha jioni wakati cha mchana hakijashuka. Sahani ya pilau ambayo zamani ningeimaliza huku nazungumza sasa naiacha nusu, na sijilazimishi. Utamu wa pilau ni ule ule, ila mkono unaacha wenyewe. Kwa mtu aliyetumia miaka mingi akijilaumu kwamba hana nidhamu, kugundua kwamba sehemu kubwa ya nidhamu hiyo ilikuwa ni homoni kunafariji, na pia kunaudhi kidogo.

Taabu yake huja ugenini. Kwetu mgeni hupimwa kwa anavyokula, na shangazi aliyeamka alfajiri kukuna nazi hataridhika na maelezo ya homoni. "Mwanangu, mbona hujala? Chakula changu kina nini?" Nimejifunza kupakua kidogo tangu mwanzo na kula polepole ili nisimalize kabla ya wengine, kisha niombe kufungiwa cha kwenda nacho nyumbani, jambo ambalo kwa wenyeji wengi ni sifa kuliko kumaliza sahani.

Kuhusu chombo chenyewe, ni kifaa cha kujidungia chenye umbo la kalamu; kalamu moja huwa na dozi nne, yaani ya mwezi mzima, na imebuniwa vizuri hata kwa mwenye hofu ya sindano. Sindano zenyewe hazimo ndani ya boksi. Duka langu la dawa hunipa pamoja na kopo la manjano la kutupia zilizotumika. Kila mara unafunga sindano mpya na kutoa matone machache ya kujaribia ili hewa itoke. Kisha unazungusha kitufe mpaka kidirisha kioneshe tarakimu 1, unajidunga tumboni au pajani, unabonyeza hadi mwisho na kuhesabu taratibu mpaka tano kabla ya kuchomoa. Maumivu ni madogo kuliko ya kutobolewa kidole kupima sukari. Ukisahau siku yako, unaweza kujidunga ndani ya siku nne. Zikipita hizo unaiacha dozi hiyo na kungoja siku ya kawaida. Baada ya dozi ya nne utaona dawa kidogo imebaki ndani ya kalamu, na hapo ndipo ubahili wetu unapoamka. Wapo wanaoivuta kwa bomba la sindano ili wapate dozi ya tano. Mabaki hayo ni sehemu ya muundo wa kalamu, hayana kipimo cha kuaminika, na yamo ndani ya chombo kilichokwisha kutobolewa mara kadhaa. Mimi hutupa.

Maudhi ya tumbo ni ya kweli. Kichefuchefu kilinijia siku moja au mbili baada ya sindano, hasa kila kiwango kilipopandishwa, kisha kikapungua. Viazi karai, sambusa na nyama ya mbuzi yenye mafuta vilikizidisha kiasi kwamba nilivikimbia bila kuagizwa na mtu. Kulikuwa na majuma ya choo kigumu, ambayo maji mengi na papai viliyasaidia, na kulikuwa na mbweu zenye harufu ya yai viza, ambazo hakuna tangazo linalozitaja na ambazo humwaibisha mtu ndani ya basi. Haya huvumilika. Yasiyopaswa kuvumiliwa ni maumivu makali ya tumbo yasiyotulia, hasa yanayopenya hadi mgongoni, kwa sababu dawa hii inaweza kuambatana na uvimbe wa kongosho, na mawe ya nyongo pia hutokea zaidi kwa wanaopungua haraka. Hapo ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wanawake liko jambo jingine. Kwa kuwa tumbo hukawia kumwaga, vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifanye kazi ipasavyo, na mamlaka ya dawa ya Uingereza imeshauri watumiaji wa Mounjaro wanaomeza vidonge hivyo waongeze kondomu kwa wiki nne baada ya kuanza na wiki nne baada ya kila kupandishwa kiwango. Anayepanga kushika mimba huiacha dawa angalau mwezi mmoja kabla. Halafu kuna misuli: takriban robo ya uzito unaopotea si mafuta, kwa hiyo mtu anayekula kidogo inampasa ale cha maana. Mimi nimeweka mayai, samaki, maharage na choroko mbele ya wali, na ninanyanyua vyuma ambavyo zamani niliviona ni vya vijana.

Huduma inayoizunguka dawa hutofautiana kuliko dawa yenyewe, na hapa ndipo ningemtaka msomaji awe mkali. Duka la mtandaoni nililoanzia, ambalo silitaji, lilinitumia kalamu ikafika Jumatatu baada ya kulala njiani mwisho wa wiki, vifuko vya barafu vikiwa vimegeuka maji ya uvuguvugu. Nilipouliza kama dawa bado ni salama nilijibiwa na ujumbe uliokwisha kuandikwa kabla sijauliza. Ufuatiliaji wao ulikuwa fomu ile ile kila mwezi, na ningeweza kuandika uzito wowote. Tangu Februari 2025 baraza linalosimamia maduka ya dawa hapa limeyataka ya mtandaoni yasitegemee fomu peke yake, bali yathibitishe uzito wa mtu kwa njia nyingine kabla ya kumpa dawa hizi. Nilihamia duka la dawa la mtaani lenye chumba cha faragha. Mfamasia alinipima mwenyewe urefu, uzito na presha, akauliza kama nimewahi kuugua kongosho au nyongo, kama kuna saratani ya tezi ya shingo katika ukoo wetu, na dawa gani nyingine natumia. Kila ninapotaka kupandishwa kiwango hunitaka nimweleze sababu. Gharama ni kubwa kidogo kuliko mtandaoni, na kwangu inastahili.

Kupitia huduma ya taifa, NHS, dawa hii ni bure au karibu na bure, lakini mlango ni mwembamba. Utaratibu wa kuitoa kupitia madaktari wa kawaida England ulianza Juni 2025 kwa wenye uwiano wa uzito na urefu, ile BMI ya hospitali, wa 40 na kuendelea, tena wawe na angalau magonjwa manne kati ya matano yaliyoorodheshwa, presha na kisukari cha aina ya pili yakiwemo. Kwa watu wa asili ya Kiafrika, Kiasia na Mashariki ya Kati kipimo hicho kilishushwa hadi 37.5, kwa kuwa madhara ya unene huwaanza mapema, na Mswahili anayeishi hapa akumbushe jambo hilo kama halikutajwa. Mimi sikufikia vigezo, hivyo najilipia. Septemba 2025 Eli Lilly ilipandisha bei yake kwa wanaojilipia, kalamu ya miligramu 15 ikitoka pauni 122 hadi pauni 330. Maduka yalipewa punguzo linalotofautiana, kwa hiyo inafaa kuuliza bei sehemu zaidi ya moja, na kuuliza pia bei ya kiwango kitakachofuata, maana kalamu ya kuanzia huwa ya kuvutia wateja.

Fedha hizo hazina mwisho unaojulikana. Katika utafiti mmoja, watu waliotumia tirzepataidi kwa wiki 36 walikuwa wamepungua kwa asilimia 20.9. Baada ya hapo nusu waliendelea na nusu wakabadilishiwa sindano isiyo na dawa bila kujua. Mwaka mmoja baadaye walioendelea walikuwa wamepungua asilimia 5.5 zaidi, na wenzao walikuwa wameongezeka kwa asilimia 14. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2025, linauhesabu unene uliokithiri kuwa ugonjwa sugu na linapendekeza, kwa masharti, kwamba dawa za aina hii zitumike kwa muda mrefu. Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi liwe kama ataweza kuilipia kwa miaka, kama anavyolipia vidonge vya presha. Asiyeweza, ni heri azungumze na daktari kuhusu njia nyingine kabla ya kuanza.

Ramadhani ilipita vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilijidunga usiku baada ya tarawehe, nikafuturu kwa tende, uji na samaki, na kachori nikawaachia wenye matumbo yao. Kilichonihangaisha ni maji, kwa kuwa tumbo lililojaa upesi hukataa hata kinywaji, ikabidi ninywe kidogo kidogo mpaka daku. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari pamoja na sindano hii asifunge kabla ya kupangiwa upya dozi zake, kwa maana sukari inaweza kushuka mno.

Safari ya nyumbani ilitaka mpango zaidi. Kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishaanza inaweza kukaa nje hadi siku 30, mradi joto lisizidi nyuzi 30, na Mombasa ya Januari haikubaliani na sharti hilo. Nilisafiri nayo kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mizigo ya chini ya ndege, kwa kuwa ikiganda kwa baridi haifai tena, pamoja na barua ya mfamasia na kifuko cha baridi. Nyumbani iliwekwa mlangoni mwa friji, mbali na barafu, na umeme ulipokatika tuliacha friji bila kufunguliwa. Jamaa waliponiona walianza na maswali ya chini chini, kwa kuwa kwetu mtu akikonda ghafla hudhaniwa anaumwa. Walipojua ni sindano, maswali yakageuka maombi: niletee na mimi. Nilikataa, na ningekataa tena. Kalamu haitumiwi na watu wawili hata sindano ikibadilishwa, na anayeitaka anahitaji kupimwa kwanza. Wauzaji wa mitandaoni wanaoileta bila cheti cha daktari wanaongeza hatari ya pili: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani, na kama bidhaa bandia zilipenya huko, sioni kwa nini ya mfukoni mwa mtu iaminiwe.

Kwa sasa nimebaki kwenye miligramu 7.5. Nimepungua zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wangu, presha imeshuka kiasi kwamba daktari amepunguza kidonge kimoja, na mfamasia amekubali kwamba hakuna haja ya kupanda hadi 10 maadamu mizani bado inashuka, hata kama ni taratibu.