Mkono umepasuliwa kwa ganzi, bila gesi ya usingizi

Kliniki hii ya upasuaji wa kwenda na kurudi naipa nyota nne, na sifa nyingi ni za daktari wa usingizi. Nilikwenda kufunguliwa neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, nikijua nitapigwa nusu kaputi. Akaniuliza kama ganzi ya mkono ingenitosha, kisha akanieleza jambo ambalo hakuna hospitali iliyowahi kuniambia: gesi za usingizi hutoka na pumzi karibu kama zilivyoingia, mabomba ya chumba cha upasuaji huzivuta na kuzimwaga angani.

Desflureni ndiyo mbaya kupita zote. Ukipima athari yake kwa miaka 100, kilo moja hupasha dunia joto kama kilo 2,500 hivi za hewa ya ukaa. Uskoti iliacha kuitumia mwaka 2023. Sevoflureni, gesi nyingine ya usingizi, ina madhara madogo zaidi kwa mbali, lakini naitrasi oksidi, nayo ya usingizi, hukaa angani zaidi ya miaka 100. Mgonjwa ana haki ya kuyajua haya kabla ya kutia sahihi!

Sindano ilichoma kidogo tu. Daktari aliifuata neva kwenye skrini ya ultrasaundi, vidole vikafa ganzi kimoja kimoja. Nilihisi kuvutwavutwa, maumivu hapana, na niliondoka bila kichefuchefu.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu propofoli ya akiba (dawa ya usingizi ya kudungwa) ilivutwa kwenye bomba la sindano mapema, haikuhitajika, ikatupwa pamoja na plastiki yake. Ingebaki kwenye kichupa, haijafunguliwa, pembeni ya kitanda.