Nilishinda kituo cha polisi mchana kutwa, na sikuhitaji dhamana

Kwetu mtu akisema ameshinda kituoni, swali la kwanza ni kosa gani, la pili ni nani anakwenda kumdhamini. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu, nikaingia bila kulipa hata senti, nikatoka taa za mjini zimeshawaka.

Nazungumzia Tai Kwun, kituo cha zamani cha polisi cha Hong Kong, ambacho siku hizi ni mahali pa historia na sanaa. Nilikuwa kule kwa ajili ya mzigo wa simu na vifaa vyake, nimepanga chumba Chungking Mansions, jengo la vyumba vya bei nafuu, kama wafanyabiashara wengi kutoka Afrika, chumba ambacho ukifungua begi inabidi ufunge mlango. Mzigo ulikuwa tayari, ndege ilikuwa kesho yake usiku, na nilikuwa nimechoka kuangalia bei za chaja. Mwenzangu mmoja aliyezoea mji akaniambia, "Wewe si mtoto wa polisi? Vuka maji, kaangalie kituo chao cha zamani." Nikapanda pantoni ya Star Ferry pale Tsim Sha Tsui, dakika chache nikawa upande wa pili, Central, katikati ya mji.

Hapo nikafanya kosa la mgeni. Niliangalia ramani nikaona ni karibu, nikapandisha kwa Pottinger Street, mtaa wa mawe yaliyopangwa kwa kupanda na kushuka kiasi kwamba huwezi kuinua macho. Ni mtaa mzuri kwa picha. Kwa magoti ya mtu wa miaka hamsini na kitu ni adhabu, na nilifika Hollywood Road nikiwa natweta. Wewe usifanye hivyo. Kuna ngazi za umeme zinazopanda kilima kizima, zenye urefu wa takriban mita 800, na daraja la waenda kwa miguu linakutoa kwenye ngazi hizo na kukuingiza moja kwa moja ndani ya ua wa kituo. Ila asubuhi hadi saa nne ngazi hizo zinashuka, maana ndio muda wa watu kwenda kazini. Baada ya hapo zinapanda. (Barabara yenyewe iliitwa Hollywood kabla ya mji wa sinema kujulikana na yeyote, kwa hiyo usitafute nyota wa filamu.)

Jina la mahali lilinifurahisha kabla sijaingia. Tai Kwun kwa Kikantoni ni "kituo kikubwa". Kwenye makaratasi ya Waingereza palikuwa Central Police Station, lakini raia walikuwa na jina lao, na mradi wa kukarabati ulipokamilika jina la raia ndilo likabandikwa mlangoni. Ni kama Dar es Salaam mtu akikwambia "amepelekwa Sentro". Hakuna anayeuliza Sentro ni wapi.

Sasa nieleze kwa nini mwenzangu alinituma. Mzee wangu alistaafu akiwa sajini, na sisi wote tumezaliwa na kukulia kota za polisi. Najua kelele za gwaride la asubuhi, najua harufu ya rangi ya viatu na ya pasi ya mkaa juu ya kaki, najua mama akinyamaza mzee asiporudi zamu ya usiku. Kwa hiyo nilipoingia ule uwanja wa gwaride wa Tai Kwun sikuona "eneo la kihistoria". Niliona nyumbani, ila kumejengwa kwa matofali na mawe na watu wenye fedha. Upande mmoja ni jengo la bweni la askari, la 1864, refu lenye veranda na matao kila ghorofa, ili upepo upite. Mkabala nalo ni jengo la makao makuu, la 1919, lina nguzo nene kama za ikulu, na uso wake unaangalia barabarani ili raia apite na kuogopa kidogo. Katikati ni uwanja. Watoto wanakimbizana, wanandoa wapya wanapigwa picha, wazee wamekaa wakisoma magazeti. Mahali ambapo mzee wangu angepiga saluti.

Na kuna mwembe. Mwembe kabisa, mzee, pembeni ya uwanja wa gwaride. Nilisimama chini yake nikacheka peke yangu. Simulizi yake ni kwamba askari wa pale waliamini mwaka ambao mti ungezaa sana ndio mwaka wa watu wengi kupandishwa vyeo. Nilimtumia mzee picha na maelezo hayo kwa WhatsApp. Alijibu kwa sauti, na nyuma yake nilisikia kuku: "Mwanangu, sisi wetu ulizaa kila mwaka na V zangu za cheo zilikaa mbili miaka kumi na moja." Nikakaa kwenye kivuli hicho kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kilichonifanya niandike haya, hata hivyo, si uwanja. Ni mpangilio wa kiwanja chenyewe. Ndani ya ukuta mmoja kulikuwa na vitu vitatu: kituo cha polisi, mahakama ya hakimu na Gereza la Victoria. Waingereza walikitwaa kisiwa Januari 1841, na mwaka huohuo jela ikaanzishwa hapa kilimani, miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa ya kudumu waliyoyasimamisha. Mahakama unayoiona sasa ilikamilika 1914 hivi, na imekaa kati ya polisi na jela. Fikiria maana yake kwa kuli aliyekamatwa bandarini. Anaandikishwa kaunta, anapandishwa kwa hakimu, anahukumiwa kwa lugha asiyoijua, anateremshwa selo, na safari yote hiyo hajakanyaga barabara ya umma. Nilitembea njia hiyo polepole, kutoka uwanja wa gwaride hadi ua wa gereza. Sikumaliza dakika tano. Mzee huwa anasema haki ikikaa karibu sana na kufuli hupenda kulala kwa kufuli. Nilidhani ni maneno ya mstaafu tu.

Gerezani ndiko utumie muda. Jengo wanaloliita B Hall limeachwa na selo zake, unaingia moja baada ya nyingine. Ukinyoosha mikono miwili unakaribia kugusa kuta zote. Dirisha liko juu mno, limewekwa kwa ajili ya hewa tu. Kwenye kuta wamerusha vivuli vinavyosogea, mfungwa anakaa, anasimama, anageuka, bila sauti ya mtu. Sikutegemea vivuli vinishtue, nimeshaona mengi. Vilinishtua. Familia iliyokuwa mbele yangu ilimwambia mtoto aingie apigwe picha ameshika nondo, mtoto akakataa, akasema anataka kutoka. Nilikuwa upande wa mtoto.

Maelezo ukutani yanawataja baadhi ya waliopita. Ho Chi Minh, yule wa Vietnam, alikamatwa Hong Kong 1931 akafungwa hapa kwa jina la bandia, na aliyemtetea asirudishwe mikononi mwa Wafaransa alikuwa mwanasheria Mwingereza, Frank Loseby. Wajapani walipoukalia mji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakamfunga humu mshairi Dai Wangshu, 1942. Hayo ni majina makubwa, na wageni wengi husimama hapo. Mimi nilisimama zaidi penye habari ya miaka ya mwisho ya gereza. Kabla ya kufungwa 2006, kazi yake kubwa ilikuwa kuwaweka wakimbizi wa Vietnam waliofika kwa mashua, na baadaye wageni wasio na vibali wakisubiri kurudishwa makwao. Yaani wa mwisho kulala kwenye selo zile hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wa pasipoti na mihuri. Nilijikuta napapasa mfuko wa koti kuhakikisha karatasi yangu ya kuingilia ipo.

Jambo jingine ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ataligundua haraka ni nani walikuwa askari. Maofisa walikuwa Wazungu. Chini yao Wahindi, Masingasinga wakiwa wengi, na Wachina. Kila kundi lilikuwa na mishahara na mahali pake pa kulala. Hesabu hiyohiyo Waingereza waliileta huku kwetu: mtu wa mbali amlinde mtu wa karibu, wasielewane. Niliona picha ya askari Singasinga na kilemba chake, amesimama wima kwenye uwanja ule, nikamkumbuka babu wa rafiki yangu wa shule. Ningependa sehemu hiyo ingepewa nafasi kubwa zaidi, maana inaelezwa kwa haraka. Ufundi wa ukarabati umeelezwa kwa urefu kuliko watu.

Ingawa ukarabati nao si mdogo. Majengo ya zamani ni 16, mradi ulikula dola za Hong Kong zaidi ya bilioni 3, serikali ikishirikiana na klabu ya mbio za farasi ya huko, Hong Kong Jockey Club, ambayo ndiyo pia inaendesha kamari na kutoa misaada. 2016 sehemu ya jengo walimoishi mainspekta wenye familia iliporomoka kazi ikiendelea. Milango ikafunguliwa Mei 2018. Wameongeza majengo mawili mapya, kazi ya wasanifu wa Uswisi, Herzog & de Meuron, yamevikwa matofali ya alumini iliyoyeyushwa upya na yanaonekana kama yameelea juu ya ukuta wa gereza. Kwa mbali nilisema haya ni masanduku ya chuma. Kwa karibu niliona vipande vya alumini vina ukubwa wa matofali ya zamani yaliyo jirani, na nikaelewa walichotaka kufanya. Moja ni ukumbi wa sanaa za kisasa, lina ngazi ya zege ya mzunguko ambayo kila mtu anaipiga picha akiwa chini. Sanaa yenyewe niliyoikuta sikuielewa, nitakuwa mkweli. Jingine ni ukumbi wa maonyesho, na chini yake kuna ngazi pana za kukalia, mahali palipokuwa dobi la wafungwa. Niliwakuta vijana wakila vitafunio, mmoja amelala kabisa.

Kuhusu kula: ndani ya ua kuna migahawa na maduka ya zawadi, na bei zake ni za Central. Kikombe kimoja cha kahawa nilichokunywa kingenilisha wali na kuku Chungking. Kunywa ukitaka kukaa verandani, vinginevyo kula kabla. Na kuna baa ndani ya jengo mojawapo la gereza, selo zake zikiwa ndiyo meza za wateja. Sikuingia. Siwahukumu wanaoingia, mwenzangu huenda kila safari na anasema inavutia. Ila mimi nimewahi kumpelekea mtu chakula rumande, nikasubiri dirishani na hotpoti mkononi, na bia kwenye selo haingeshuka.

Nenda siku ambayo si Jumatatu, kwa sababu kumbi za sanaa hufungwa siku hiyo. Vaa viatu vya kutembea. Tenga saa tatu, na anza na gereza ukiwa bado na akili, uwanja uwe wa mwisho. Wahudumu waliokuwa zamu siku yangu walikuwa wapole, mama mmoja alinisindikiza mpaka kwenye selo niliyokuwa naitafuta badala ya kunyoosha kidole.

Na ukiwa na pumzi imebaki, fuata Hollywood Road upande wa magharibi kwa dakika kama kumi ufike Aberdeen Street, kwenye kota za askari wenye familia zilizojengwa 1951, siku hizi zinaitwa PMQ (kifupi cha Police Married Quarters) na tangu 2014 ni maduka ya wabunifu. Mle walilelewa wawili ambao baadaye waliongoza Hong Kong, Donald Tsang na Leung Chun-ying, wote baba zao polisi. Maduka sikuyajali sana. Nilipanda hadi ghorofa ya juu nikatembea koridoni, milango imepangana, kila mlango familia nzima ndani ya chumba kimoja, jiko na choo vya kushirikiana na majirani. Mlango mmoja ulikuwa unauza mishumaa ya manukato. Nilisimama mbele yake nikipima kwa macho kitanda cha wazazi kingekaa wapi, cha sisi wanne wapi, na ndoo ya maji wapi, mpaka msichana wa dukani akaniuliza kama natafuta harufu gani.