Giaboksi ya Replika ya Lotus Seven: T50, W58 ama Gia Sita ya Altezza?

Haya jamani karibuni tena hapa gereji, niko Malindi, joto ni la kaskazi kabisa kwa hivyo mkiniona nafuta jasho kila saa msishangae, na hiyo kelele nyuma ni tuktuk, hapa nje hazikatiki. Leo ni giaboksi, maana tangu niwaonyeshe ile chesi (fremu) ya Seven swali limekua moja tu, "fundi, si utafunga gia sita ya Altezza?" Hapana, sifungi. Na maboksi yote matatu, la Altezza, W58 na T50, yote ya Toyota, nimeyapanga hapa chini ili nikisema kitu muone mnaonyeshwa, msije mkasema naongea tu.

Kwa wageni haraka haraka: Lotus Seven ni kigari cha Colin Chapman, Uingereza, 1957, viti viwili, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndo yanasukuma. Caterham wakachukua haki za kukitengeneza 1973 na mpaka leo wanakiuza, na watu wengi duniani wanajichomelea chao nyumbani kama hiki. Changu ni bomba za mraba, injini ni 4A-GE ya Toyota, sisi 1600, na gari likikamilika sitaki lizidi kilo 600. Hiyo kilo 600 ikamateni vizuri, ndo itaamua kila kitu hapa.

Sasa tuanze na hii ya Altezza kwa sababu ndo mnaitaka. Toyota wanaiita J160, walioitengeneza ni Aisin, na ndugu zake wako kwa Nissan Silvia S15 na kwa Mazda MX-5 ya gia sita. Boksi zuri, linashika gia tamu, sikatai. Lakini mtu akisikia gia sita kichwani anaona ile ya sita ni ya kukimbilia, injini itulie, mafuta yabaki kwa tanki. Sivyo. Kwa hili boksi gia ya tano ndo moja kwa moja, yaani 1.000, injini ikizunguka mara moja na propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, inazunguka mara moja, kazi ambayo kwa boksi la gia tano inafanywa na ya nne. Wamezibananisha tu. Angalia MX-5 yenyewe: ya gia tano, gia ya mwisho ni 0.814, ya gia sita, gia ya mwisho ni 0.843. Umeongezewa gia na kwa hewei, difu ikiwa ile ile, injini inalia zaidi! Na gia ya kwanza ya hii Altezza ni 3.874, fupi ajabu.

Ufupi wa gia ya kwanza ndo huu: nina difu, ile ya ekseli ya nyuma, ya 4.3, yaani propela izunguke mara 4.3 tairi mara moja, na tairi ni 185/60 rimu 14, ambayo mzunguko wake mmoja ni karibu mita 1.8. Ukichukua mizunguko ya injini mara mita mara 60, ukagawa kwa gia mara difu, ukagawa tena kwa elfu moja, unapata spidi. Nikivuta injini mpaka 7000, na gia ya kwanza ya Altezza nafika kilomita 45 kwa saa imeisha, lazima nibadilishe. Kwa gari la kilo 600 hiyo kwanza huitumii, unaweka tu unatoa, mkono unachoka bure, na ukikanyaga kidogo tairi zinazunguka pale pale.

Najua kuna mtu ataniambia fundi lakini barabara zetu zina matuta, gia fupi si inasaidia. Inasaidia ukiwa na Hilux imejaa mbata. Kigari chepesi hivi tuta unalipanda na ya pili injini haisumbuki hata. Na mkiwa hapo hapo kwa Hilux, msiniletee giaboksi W56 ya pikapu, mmoja alishaniandikia ati ni ngumu haivunjiki, kweli ni ngumu, lakini kwanza yake ni 3.954, imewekwa pale ing'oe mzigo.

Boksi la pili W58. Hii ilikua kwa Toyota Supra zisizo na taabo (turbo). Kwa hesabu peke yake hii ndo inashinda, sitawadanganya, kwanza 3.285, kwa injini hiyo hiyo na difu hiyo hiyo nafika 53, na ya tano 0.783, nikienda 100 injini iko kama 3100 tu. Malindi mpaka Mombasa ni kilomita 120 hivi, na Seven haina paa haina vioo, huo mgurumo uko sikioni njia nzima, kwa hivyo mizunguko mia tatu ikipungua unaisikia. Shida njooni muione. Naweka tepu hapa kwa mbavu za boksi... halafu naileta kwa tanel ya chesi, ile nafasi ya katikati boksi linapokaa. Mmeona? Haingii, labda nikate bomba mbili niipanue, na nikiipanua mguu wangu wa klachi unakaa wapi? Halafu bel hauzin yake, ile kengele ya mbele inayofungwa kwa injini, ni ya injini za silinda sita, kwa 4A nitengeneze adapta, na adapta ikikosea hata unywele shafti haiko sawa na kranki, beringi zinakufa mapema. Mwenye injini kubwa, ama anataka kuweka taabo, chukua W58 panua tanel yako tangu siku ya kwanza ya kuchomelea. Mimi simo.

Basi hii ndogo hapa, T50. Ilikua kwa Corolla AE86, na huko ilifungwa na 4A-GE tangu kiwandani. Kwanza 3.587, ya pili 2.022, ya tatu 1.384, ya nne 1.000, ya tano 0.861. Kwa gari langu kwanza inafika 49, na 100 nikiwa gia ya tano injini iko 3400 na kitu. Si kimya kama W58 lakini inaingia kwa tanel bila kukata chochote, mkono wa gia unatokea pale kiganja kinapoangukia, na spidomita yake ni ya waya, kwa hivyo nafunga ile saa ya duara ya mshale inayofanana na gari la zamani, sihitaji sensa. Ubaya wake haipendi nguvu nyingi. 4A-GE ya kawaida itabeba, ile ya valvu 20 pia ukiwa na adabu na klachi, ila taabo sahau.

Kununua sasa, hapa sikizeni. T50 zilitoka na bel hauzin tofauti tofauti, kuna za injini za Toyota za familia ya T, kwa hivyo usiseme nataka T50 tu, sema yenye bel ya 4A, na uende na vipimo vya boti (bolti) za block yako. Nenda pia na klachi pleti yako mkononi. Ichomeke kwa shafti ya mbele, ikikataa meno hayalingani na umejua kabla ya kulipa, ikiingia sasa hiyo pleti ndo usukani wako wa kuzungushia. Chomeka kichwa cha propela kule nyuma, piga alama ya chaki kwa pleti na kwa propela, tia gia ya kwanza, zungusha. Pleti ikizunguka mara tatu na nusu na kidogo propela inamaliza mara moja, hesabu inalingana na T50. Tia ya nne, zote mbili lazima ziende sambamba. Halafu shika shafti ya mbele itikise juu chini, ikicheza sana kama jino bovu, shukrani, rudisha. Fungua nati ya kumwagia oili uchovye kidole: ukiona vumbi la rangi ya dhahabu hiyo ni sinkro, pete za kulainisha kubadilisha gia, imelika, kidogo si neno, ila ukitoa vipande vya chuma vyenye ncha ondoka. Na huku kwetu pwani kuna chumvi, boksi likikaa uani bila kufunikwa meno ya shafti yanashika kutu na boti zinagandana na alumini, ukilazimisha inakatika ndani, kwa hivyo mimi nikifunga kila boti inapata grisi.

Kitu kingine, 4A-GE nyingi mnazopata zilitoka kwa magari yanayovutwa na tairi za mbele, Corolla AE92, AE101, zilikua zimelala kwa upana. Ukiigeuza ikae kwa urefu wa gari kuna kiberingi kidogo lazima kikae mwisho wa kranki kushika ncha ya shafti ya giaboksi, hiki hapa, kidogo kama pete, na mafundi wengi wanakisahau. Bila hicho shafti inayumba, klachi haitoi vizuri, unalaumu boksi na boksi halina kosa. Distributa nayo iko nyuma ya kichwa cha injini, angalia isigonge ukuta wa dashibodi.

Oili ni GL-4, 75W-90. Muuzaji akikwambia GL-5 ni bora kwa sababu namba ni kubwa, mwache aseme, dawa ya salfa iliyo ndani yake inaweza kula sinkro za shaba. GL-5 weka kwa difu.

Propela sijakata bado na wewe usikate mpaka injini na boksi viwe vimefungwa kwa maunting zake na gari limekaa kwa magurudumu, halafu pima, na krosi (viungo vya propela) ya mbele na ya nyuma ziwe na pembe sawa zikielekeana kinyume, la sivyo ukifika 80 gari lote linatetemeka. Hiyo nitaionyesha mekanika akimaliza kuchoma maunting, kesho kutwa inshallah, kama stima haitapotea.