Mzigo wa nguo za kuuza mtandaoni: ununue kwa nani, na uloweshe kwanza

Malalamiko yanayowafika dada wanaouza magauni ya kanga kwa WhatsApp na Instagram hapa Unguja yanafanana. Picha ilikuwa nzuri, saizi imekaa, mshono hauna neno, lakini nguo imefuliwa mara moja tu na weupe wote umegeuka waridi. Mteja anapiga picha beseni la maji mekundu, anaituma, na anataka pesa yake. Muuzaji akirudi Mchangani alikonunua, anaonyeshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Bei, uzuri wa maua na upesi wa kuletewa mzigo kila mtu anaviangalia, sitapoteza nafasi. Hapa wauza jumla nawapanga kwa jambo moja: nani anakubali kitambaa chake kiloweshwe kabla hujalipa korija nzima (mzigo wa 20), na nani anakuvuta mkono.

Kwanza ujue kwa nini nguo inachuja. Kitambaa cha pamba kikishachapwa kiwandani hupitishwa kwenye mvuke ili rangi ishikane na uzi, kisha kinasuuzwa mara kadhaa kwa maji ya moto kutoa rangi iliyobaki bila kushika. Kusuuza huko kunakula maji na moto, na anayetaka kuuza rahisi anapunguza hapo. Kitambaa kinakufikia kimejaa rangi iliyolala tu juu ya uzi, ikisubiri beseni la mteja wako. Iko pia aina nyingine, rangi inayogandishwa kwa gundi. Hiyo isipopata joto la kutosha inatoka hata kavu, na utaiona kwanza kwenye mikunjo, pamepauka kama pamepakwa chokaa.

Na ile ya kuroweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi au siki, tuiache. Chumvi ina kazi yake ndani ya pipa la kutilia rangi, kuisukuma rangi iingie kwenye uzi. Kitambaa kikishatoka kiwandani na rangi haikushika, chumvi ya jikoni haiwezi kuishikisha. Kinachosaidia ni kusuuza kwa maji mengi mpaka rangi ya ziada iishe, na kanga mbaya utaisuuza mpaka mkono uchoke.

Jaribio lenyewe ni la dakika chache. Chukua kitambaa cheupe cha populini, kiloweshe, ukikamue, kivishe kwenye kidole cha shahada. Tafuta sehemu yenye rangi iliyokoza kuliko zote (nyekundu, nyeusi na buluu ya giza ndizo zenye fitina) na usugue kwenda na kurudi mara 10, urefu wa kama sentimita 10. Rudia kwa kitambaa kikavu. Kikavu kikipata doa, usiendelee, rudisha. Kibichi kikipata kivuli kidogo tu, nunua doti moja (jozi ya kanga), siyo korija, uende nayo nyumbani.

Nyumbani kata kipande cha inchi 4 kwa 4 pale rangi inapokutana na weupe, kishikize kwa sindano na kitambaa cheupe, loweka nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni. Usihukumu kwa maji. Maji kubadilika kidogo mara ya kwanza ni kawaida. Hukumu kwa kile cheupe. Halafu, na hapa ndipo wengi hawafiki, kamua, kunja viwili rangi ilalie weupe, uache usiku kucha kikiwa kibichi. Nguo zetu haziharibikii kwenye beseni peke yake. Zinaharibika masika, zikiwa zimerundikwa mbichi kwenye ndoo zikisubiri jua, au zinapolowa jasho ukumbini kwenye harusi. Kipande kilichovuka usiku huo bila doa, hicho kinauzika.

Sasa wauzaji.

Nafasi ya kwanza naipa kanga ya Mali ya Abdulla, ile ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ikishonwa na fundi wa hapa. Sifichi mapenzi yangu. Ni jina la zaidi ya miaka 100, na Kaderdina mwenyewe anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuweka maneno kwenye kanga. Pamba yake ina uzito mkononi, mji (sehemu ya katikati) na pindo vimekaa mahali pake, na weupe wake unabaki mweupe. Jina la Mali ya Abdulla limechapwa kwenye ukingo wa kitambaa. Lisome, usiambiwe tu na muuzaji, kwa sababu jina zuri huigwa. Ukinunua Mchangani uliza kwanza: korija ni 20, lakini ni vipande 20 au doti 20? Kanga huuzwa jozi, na nusu ya ugomvi wa bei unaanzia kwenye swali hilo ambalo halikuulizwa. Ukiagiza kutoka Mombasa, mzigo unakuja kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro hadi Tanga au Dar es Salaam, kisha boti. Dai stakabadhi ya forodha, uiweke pamoja na mzigo wenyewe. Aliyeko Pemba aulizie vyombo vya Tanga kabla ya kuzungushia mzigo Unguja.

Hesabu yake ni hii. Tuseme doti ni 15,000 na fundi anachukua 10,000. Kila gauni limebeba 25,000 kabla ya usafiri. Korija ya vipande 20 ni doti 10, kwa hiyo 250,000 zako zimelala kwenye rangi moja. Doti ya kujaribia ni 15,000. Anayekwambia jaribio ni hasara hajawahi kurejesha pesa za wateja kumi.

Fundi mwambie afue kabla ya kukata. Pamba hurudi, na kanga ya sentimita 150 ikirudi kwa asilimia 5 imekula sentimita 7 na nusu. Kufua kunatoa pia wanga wa kiwandani, maana kitambaa chepesi hufanywa kionekane kizito kwa wanga. Kikishalegea kinyanyue kwenye jua. Ukiona vidole vyako upande wa pili, gauni litataka bitana. Na fundi asipitishe mkasi kwenye jina, yaani yale maneno ya kanga. Mji ukae kifuani au mgongoni katikati, jina lisomeke chini kwa nyuma, pindo za ubavuni zikutane. Mpe picha ya mpango huo, usimwambie kwa mdomo tu.

Ya pili ni majora ya Mchangani na Darajani, vitenge na pamba zisizo na maua, kwa wenye maduka wadogo wanaokujua kwa sura. Pima jora mbele yake yadi kwa yadi. Chomoa nyuzi mbili ukingoni uzichome: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini, polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Polista haina ubaya ikiuzwa kwa jina lake, lakini ukimwandikia mteja "pamba" naye akatoka jasho, utasikia. Nunua yote unayohitaji kwa mara moja. Jora la mwezi ujao lenye maua yaleyale linaweza kuja na nyekundu nyingine, na mikono ya gauni isifanane na kiwiliwili. Bandika kipande cha inchi 4 kwenye daftari, tarehe na jina la duka pembeni.

Ya tatu ni Kariakoo, Mtaa wa Kongo na jirani zake, kwa madera na mabaibui yaliyoshonwa tayari. Nenda mwenyewe mara ya kwanza, ukalale, usikimbilie boti ya jioni. Haraka ya boti ndiyo inayokufanya usiloweshe kitambaa. Buibui jeusi lisugue kama nilivyoeleza, kisha weka kitambaa cheupe juu yake upige pasi ya moto kwa sekunde 15. Kikichukua weusi, shingo ya mteja nayo itauchukua.

Dubai na Guangzhou naziweka nyuma kwa biashara changa. Utatakiwa utangulize asilimia 30 na umalize 70 kabla mzigo haujapakiwa, maana yake umelipa kabla ya kulowesha. Ukishurutika, lipia sampuli, iloweshe, uhifadhi nusu yake, na uandike kwenye oda kuwa mzigo ufanane nayo. Saizi uandike kwa sentimita, XL ya Guangzhou mara nyingi ni ndogo.

Mitumba ina faida yake moja: iliyotaka kuchuja ilishachuja. Lakini kila kipande ni peke yake, na wewe unauza kwa saizi.

Kinachoniuma ni Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani. Kila mwaka bei ya doti inapanda kwa sababu ya sikukuu, na mwezi huohuo ndio muuzaji anakataa kitambaa kuguswa na maji, eti watu ni wengi dukani. Anayeshona magauni yote ya Idi ndiye mteja wake mkubwa kuliko wote, naye anatendewa kama mwizi kwa kubeba leso mbichi. Nunueni Rajabu, mwezi wa kabla yake, maduka yakiwa matupu. Mwenye duka ana nafasi ya kukusikiliza, na fundi bado hajajaza daftari lake.