Cheni, soksi au kebo laini: kipi ununue kwanza CNC ikianza kelele

Mashine ndogo ya CNC, yaani ya kukata mbao au chuma kwa kuongozwa na kompyuta, ikianza kukwaruza au kugongagonga, mtu hukimbilia kulaumu mota. Nami nilifanya hivyo. Mhimili wa X ulikuwa unanguruma na kutikisika papo hapo bila kusogea. Nikanunua mota mpya, nikaifunga, mngurumo ukabaki vilevile. Kumbe waya mmoja kati ya minne inayoingia kwenye mota ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, pale cheni ya plastiki inayobeba kebo ilipokuwa inaikunja kila siku. Kwa nje haukuwa na hata mkwaruzo. Mota ya stepa, ile inayozunguka hatua kwa hatua, ina koili mbili, na ikipata umeme kwenye koili moja tu haizunguki, inatetemeka na kupiga kelele. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi kabla ya kutoa pesa, pima kwanza. Zima umeme, kisha sukuma daraja la mashine (sehemu inayosogea juu ya meza) polepole kwa mkono, au zungusha skrubu ya mhimili kama haisukumiki. Kelele ikisikika hata hivyo, tatizo si la umeme: gurudumu limekula chembe za mbao, kapling (kiungo cha mota na skrubu) imelegea kwenye ekseli ya mota, au cheni yenyewe inasugua fremu. Fungua cheni upande mmoja, sukuma tena. Kelele ikipotea, umempata mwizi.

Kelele ikija tu umeme ukiwashwa, zima, chomoa kebo ya mota na upime kila koili kwa multimita huku ukiikunja kebo taratibu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Namba ikirukaruka, waya umekatika. Usichomoe mota wakati umeme umewaka. Draiva, saketi inayoipa mota umeme, huungua hivyo. Na ule mluzi mwembamba mota ikiwa imesimama si ugonjwa, ni draiva inayokata na kuunga umeme kwa kasi. Ukikukera, draiva za TMC2209 zimetulia kuliko A4988.

Sasa manunuzi, kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni kebo yenyewe, ingawa wengi huanza na cheni kwa sababu ndiyo inayoonekana. Tafuta kebo iliyotengenezwa kwa ajili ya kusogea, yenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba ndani. Ile ya nyuzi chache nene imekusudiwa kulala ukutani, na ukiikunja mara elfu kadhaa itakatika tu. Kampuni kama igus ya Ujerumani hutengeneza kebo za namna hii, na zipo za wengine pia. Cha kusoma ni kipimo cha mkunjo. Kwa kawaida kebo ya kusogea huhitaji nusu kipenyo cha mkunjo kisichopungua mara 7.5 hadi 10 ya unene wake. Kebo ya milimita 6 inataka angalau 45. Hapo utaona kwa nini cheni nyingi ndogo zilizoandikwa R28, yaani nusu kipenyo cha mkunjo cha milimita 28, huua kebo nene.

Kwa waya wa spindeli (mota inayozungusha kisu) na wa swichi za kikomo (zinazohisi mhimili ukifika mwisho), chukua kebo yenye wavu wa kinga. Spindeli inayoendeshwa kwa kibadili masafa hutoa vurugu nyingi za umeme, na vurugu hizo zikiingia kwenye waya wa swichi, GRBL, programu inayoendesha kidhibiti cha mashine, itasimamisha kazi katikati na kutoa Alarm 1, ikidai imegonga mwisho wakati hakuna kilichogongwa. Wavu wa kebo ya swichi uunganishwe na eathi upande wa kidhibiti peke yake.

Namba mbili: cheni ya plastiki inayofunguka kila pingili. Hiyo ya kufunguka ndiyo ya kununua, hata ikiwa ghali kidogo. Ile iliyofungwa kabisa inakulazimu kuchomoa plagi zote ili upitishe waya mmoja, nami sikuiingiza kwenye orodha kwa sababu hiyo tu. Usiijaze, acha kebo zicheze ndani. Zifunge kwenye ncha mbili za cheni, katikati ziwe huru, zisisokotane. Cheni iliyoshindiliwa hulia kila inapokunjika, na huo ndio ule mlio wa tak-tak ambao watu hudhani ni beringi.

Urefu hupigwa hivi: ikiwa ncha isiyosogea imefungwa katikati ya safari (umbali ambao mhimili husogea), chukua nusu ya safari, ongeza 3.14 mara nusu kipenyo cha mkunjo. Safari ya milimita 400 na cheni ya R38 ni 200 na 119, yaani 319, kisha ongeza pingili mbili za kufungia. Ukiifunga mwishoni mwa safari badala ya katikati, utahitaji takriban 519. Ikiwa ndefu mno italala na kupigapiga meza. Kipande cha sponji chini yake hunyamazisha, lakini kukata pingili ni bora.

Namba tatu, soksi ya kusukwa, ile inayotanuka. Ni nyepesi, haipigi kelele, na kwa mashine yenye meza ndogo inatosha kabisa, mradi kebo zining'inie kutoka mkono ulio juu ya mashine ili zisiburutwe juu ya kipande kinachokatwa. Udhaifu wake ni chembe: vumbi la mbao na vipande vya alumini hujipenyeza kwenye matundu. Anayekata chuma aiache.

Namba nne ni plastiki ya kuzungushia kebo kama utepe. Inafaa kwa sehemu isiyosogea, nyuma ya sanduku la kidhibiti. Kwenye mhimili unaosogea inakaza, na kingo zake husugua ganda la waya.

Vifungo vya plastiki si vya kushindanishwa na hivi. Utavihitaji vyovyote uchaguavyo. Usivikaze hadi ganda libonyee, na ukate mkia sawasawa, maana ncha iliyobaki hukwaruza cheni na kukurudishia kelele uliyoiondoa jana.