Kruzi, tochi na vibao vya 50: uzoefu wangu Dar hadi Iringa

Jamaa wanaotaka kuagiza gari Japan huniuliza sana swali hili: hivi ile kruzi kontroli, mfumo unaoshikilia mwendo wa gari bila wewe kukanyaga mafuta, ina maana yoyote kwa barabara zetu, au ni kitufe cha kupamba usukani? Nawajibu kuwa ina maana kubwa, ila si pale wanapodhani. Wao wanawaza barabara iliyonyooka, gari liko 110, mguu umepumzika, muziki unalia. Mimi faida yake naiona zaidi kijijini, nikishapita kibao cha ukomo wa 50.

Gari langu ni SUV ndogo ya Kijapani, otomatiki, mtumba kama mengi tunayoyaona barabarani. Lina kruzi ya kisasa, ile yenye macho: inaliona gari la mbele na kupunguza mwendo yenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa na gari la saluni lenye kruzi ya kawaida, unaiambia 80 inakaa 80, mbele kuwe na gari au ukuta, yenyewe haijui. Zote mbili nimezitumia njia ileile, Dar hadi Iringa kwa wazazi, kama kilomita 500 hivi. Kwa hiyo nazilinganisha kwa barabara moja na dereva mmoja.

Anayeijua njia hiyo anajua shughuli yake. Ukishaacha Chalinze, vijiji vinafuatana hadi Morogoro: Bwawani, Ubena Zomozi, Mikese. Mbele kuna Melela, Doma, halafu hifadhi, halafu Mikumi mjini, na kuendelea. Karibu kila kijiji kina kibao cha 50, na baadhi ya vibao vina askari wa tochi, yaani kifaa cha kupimia mwendo. Kosa moja ni shilingi 30,000. Anayekupiga tochi si lazima awe ndiye anayekusimamisha. Mmoja yuko chini ya mwembe, anapiga picha yenye namba ya gari na mwendo, anaituma kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye kilomita kadhaa mbele. Wewe unafika pale umetulia, unashangaa unaoneshwa gari lako kwenye simu ya mtu.

Na usijidanganye kwamba ukiona sare nyeupe utawahi breki. Tochi za mwanga wa leza hutuma mapigo ya mwanga usioonekana, yanagonga gari na kurudi, na kifaa kinahesabu umbali unavyopungua kati ya pigo na pigo. Kazi hiyo inaisha haraka kuliko wewe kunyanyua mguu, na inaweza kufanyika ukiwa mita mia kadhaa nyuma. Ukimwona askari, jibu lako tayari analo.

Tatizo la kijijini ni kwamba 50 ni mwendo mgumu kwa mguu. Umetoka kwenye 100, masikio na macho vimeshazoea, na 50 inaonekana kama gari limesimama. Unaangalia dashibodi: 49. Unamtazama mtoto anayetaka kuvuka, bodaboda inayotokea pembeni, mbuzi. Unarudi kwenye dashibodi: 58. Hukuwa na nia mbaya, mguu tu umejiendea. Hapo ndipo kruzi inapolipa gharama yake. Napunguza kabla ya kibao, napiga SET, kitufe cha kuushika mwendo huo, kisha macho yangu yote yanabaki barabarani. Nikifika kwenye kibao cha kumaliza, kama kipo na hakijafunikwa na matawi, naendelea na safari.

Kruzi nyingi za kawaida za Kijapani hazikubali kuwashwa chini ya kilomita 40 hivi kwa saa, kwa hiyo 50 inaingia vizuri. Kila ukigusa kitufe juu au chini mwendo unabadilika kidogo. Mimi huiweka 50 kamili ya dashibodi bila wasiwasi, maana simu yangu kwa GPS inasema hapo niko 47. Si ubovu. Kanuni za kimataifa za utengenezaji wa magari haziruhusu dashibodi isome pungufu ya mwendo halisi, kwa hiyo watengenezaji wanaiacha izidishe kidogo. Lakini kama umebadilisha matairi ukaweka makubwa kuliko ya kiwandani, kama wengi wanavyofanya ili gari linyanyuke, hesabu hiyo inavurugika: tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko na dashibodi haina habari. Pima kwa GPS kwanza kabla ya kuiamini.

Kero iko nyuma yako. Ukienda 50 ya kweli kwenye kijiji kirefu, kuna Hiace itakupigia honi kama umeiba mali yake. Mabasi ya mikoani siku hizi yana adabu kidogo, kwa sababu LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanayafuatilia kwa mitambo na ukomo wao ni 80, ila ndani ya 50 hata wao huwa na haraka. Nimejifunza kuwaacha wapite. Atakayenipita hapo kwa kawaida namkuta mbele ameegeshwa pembeni, anapekua pochi.

Kuna kisa ninachokipenda kuhusu kruzi. Aliyeibuni ni Mmarekani Ralph Teetor, mhandisi aliyepoteza macho akiwa mtoto mdogo. Hakuwahi kuendesha gari kwa kuona, alikuwa abiria. Inasimuliwa kwamba wakili wake alipokuwa akimwendesha, akiongea anapunguza mwendo, akisikiliza anaongeza, gari linakwenda kwa kushtukashtuka hadi Teetor akachoka. Hataza yake, yaani hati ya uvumbuzi, ilitoka 1950, na Chrysler wakaiweka kwenye magari yao mwaka 1958. Mke wangu alipokisikia kisa hicho alisema huyo wakili anamfahamu. Yeye hushikwa na kichefuchefu safarini, na tangu nianze kutumia kruzi kati ya Morogoro na Mikumi malalamiko yamepungua sana. Hiyo peke yake ingetosha kunifanya niisifu.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi ndipo ninapoithamini kuliko pengine pote. Ni kama kilomita 50 za lami katikati ya wanyama, ukomo ni 70, na kuna mabango yenye orodha ya faini kwa kila mnyama utakayemgonga, tembo na twiga wakiwa juu kabisa. Barabara ni nzuri, inakushawishi ukimbie. Naiweka chini ya 70 na mguu nauweka juu ya breki, siukunji. Hili la mguu nalisisitiza: macho ya gari yametengenezwa kutambua magari, na ya kisasa zaidi yanatambua watu na baiskeli. Swala anayeruka kutoka kwenye nyasi si kazi yake. Pia kuna matuta, nayo hayaoni kabisa. Ukiyasahau, kruzi itakurusha kwenye tuta kwa mwendo uleule uliouweka. Rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana, angalau zinakuamsha.

Sasa barabara ya wazi, pale inaposifiwa kwenye matangazo. Hapa kruzi yenye macho imenivunja moyo kiasi. Barabara hii ndiyo njia ya malori ya Zambia na Kongo, kwa hiyo muda mwingi kuna semi mbele yako. Mfumo unaiona semi na kupunguza polepole mno, kwa upole, hata huhisi. Baada ya dakika chache unagundua uko 62 nyuma ya kontena na foleni imejipanga nyuma yako. Kwa mguu wako ungeshajiandaa kuovateki mapema. Na ukitoka kuovateki, mfumo unasubiri hadi njia iwe wazi ndipo uongeze, na unaongeza kwa kusitasita wakati wewe unahitaji nguvu sasa hivi, kuna Fuso inakuja. Kwa hiyo kuovateki ni kwa mguu, siku zote. Kukanyaga mafuta hakuizimi kruzi, ukiachia inarudi kwenye mwendo wake.

Mjini ni kichekesho. Mfumo unaacha nafasi ya usalama kati yako na gari la mbele, unaweza kuchagua ndefu, ya kati au fupi. Kwa Dar hata ile fupi ni mwaliko. Bajaji inaingia, gari linapiga breki, linajenga nafasi upya, inaingia daladala. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ilipopanuliwa inafaa kidogo, hasa alfajiri. Ubungo saa kumi na moja jioni sahau.

Halafu miteremko. Kruzi ya kawaida inashika mafuta tu, haishiki breki. Ukiiweka 50 na kijiji kiko bondeni, gari litateleza lenyewe hadi 56, 57, na askari wenye uzoefu wanaijua miteremko hiyo kuliko wewe. Ile yenye macho kwenye gari langu inagusa breki yenyewe na kukaa palepale, tofauti ninayoilipia kwa furaha. Ila kwenye mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, nazima kila kitu, kupanda na kushuka. Kupanda, injini inapiga kelele nyuma ya malori yanayotambaa. Kushuka, breki zinazoguswaguswa muda wote zinapata moto, na pale panahitaji gia ndogo na dereva aliye macho. Mvua ikinyesha pia nazima, kwenye maji gari linaweza kupoteza mshiko huku mfumo ukiendelea kudai mwendo uleule.

Kitufe cha RES kinahitaji akili. Kinarudisha mwendo wa mwisho uliohifadhiwa. Kama ulihifadhi 100, ukapiga breki kuingia kijijini, kisha ukagusa RES ukidhani ni kuongeza kidogo, gari litaondoka kuitafuta 100 mbele ya shule. Kijijini mimi hupiga SET upya, RES naiacha kwa barabara tupu.

Upande wa matunzo, kwa mtumba wa Japan mambo mawili yanasumbua. Maandishi ya dashibodi ni Kijapani, na tahadhari ikiwaka hujui inasema nini. Tafsiri ya kamera ya simu inatosha mara nyingi. La pili ni kioo cha mbele. Magari yanayotumia kamera yanaangalia kupitia kioo hicho, na kioo kikipasuka kwa kokoto, kama inavyotokea nyuma ya malori, si kila kioo cha dukani kinafaa, na kamera inatakiwa kupimwa upya baada ya kubadilisha. Fundi wa kwanza niliyemuuliza aliniambia nibandike tu tepu nyeusi kwenye taa ya onyo. Ulizia hilo kabla hujanunua, si baada. Rada iliyofichwa nyuma ya nembo ya mbele nayo haipendi tope wala bampa iliyonyooshwa kienyeji.

Binamu yangu yuko Muscat, na tukiongea kuhusu haya ananicheka. Kwake barabara kubwa ni 120, rada zimesimama kwenye nguzo, kila mtu anajua zilipo, unaweka kruzi na kusahau. Ulaya wamekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo unaosoma ukomo wa barabara na kumwonya dereva akizidisha. Ningeupenda mfumo huo Mikese. Sema ungehitaji vibao visivyoibwa wala kufunikwa na tangazo la mganga.

Kwa asiye na kruzi kabisa, si lazima ubadilishe gari. Baadhi ya Toyota zenye pedali ya mafuta inayoongozwa kwa umeme, si kwa waya wa chuma, zina nyaya tayari nyuma ya usukani, kinachokosekana ni kijiti chake. Fundi umeme anayejua kazi anakifunga bila kukatakata. Mwambie ahakikishe nyaya zipo kabla hujalipia kijiti, maana si kila toleo linazo. Na kazi ikihusu kufungua mfuko wa hewa wa usukani, betri ichomolewe kwanza.

Leo nikipewa magari mawili ya bei moja, moja lina kruzi ya kawaida na kioo kizima, jingine lina yenye macho na kioo kilichobadilishwa mtaani, nachukua la kwanza bila kufikiri. Vyote vikiwa sawa nachukua yenye macho, kwa ajili ya miteremko tu. Kwa anayeishi Dar na kutembea Dar, ningesema hela hiyo aiweke kwenye matairi.