Fuawe Hili Ni la Nani, na Lina Umri Gani?

Haya, kuna mmoja wenu ameandika kwamba fuawe hili, chuma cha mhunzi cha kufulia, ni la miaka 300, basi nasogeza kamera. Karibu zaidi. Hapo! Mnaona huo ubavu wenye kutu? Aliyeniuzia aliniapia kwamba hakuna kilichoandikwa hapo, nami nikakubali kwa siku mbili nzima, mpaka usiku nilipozima taa na kumulika tochi kwa upande. Sasa nazima tena. Tazameni.

Herufi hizo! W, R, I, G... hiyo ni WRIGHT. Juu yake PETER imefifia, chini ni PATENT, na kuna alama ya duara yenye maneno SOLID WROUGHT, yaani mwili wa chuma cha kufua kitupu, si cha kumimina kwenye kalibu. Huyo ni Peter Wright, mtengenezaji wa mafuawe wa Dudley, Uingereza. Kama herufi zako hazitoki hata kwa tochi, paka chaki halafu ipanguse juujuu, ibaki mashimoni. Au weka karatasi na usugue penseli. Ila grenda iweke mbali, tafadhali. Nimeshaona mafuawe yaliyong'arishwa yakameremeta kama sufuria mpya, na jina limekwenda na vumbi.

Nitakaa kidogo kwenye hizi namba, maana ndizo zinazowapoteza wengi. Soma nami: 1, nafasi, 2, nafasi, 10. Mara ya kwanza nilidhani ni namba ya toleo. Kumbe ni uzito, kwa mizani ya zamani ya Waingereza. Ya kwanza huhesabu mafungu ya ratili 112. Ya pili ni robo za fungu hilo, kila robo ratili 28. Ya tatu ni ratili zilizobaki. Kwa hiyo 112, jumlisha 56, jumlisha 10: ratili 178, karibu kilo 81. Nimelipandisha mizani, mgongo wangu ni shahidi, likasoma 80. Kilo moja imeliwa na nyundo na kutu, sina ugomvi nayo.

Hesabu hiyo inakupa na mtego mzuri wa kumnasa muuzaji. Namba ya kati haiwezi kuzidi 3, kwa sababu robo nne ni fungu zima. Ya mwisho haizidi 27. Ukiona 1, 5, 40, basi si mizani hiyo, na huenda hata Uingereza si kwao.

Watengenezaji wengi wa Marekani waliandika ratili za kawaida tu. Hay-Budden wa Brooklyn waligonga namba ya toleo kwenye mguu wa mbele, na kwa namba hiyo mtu anaweza kukaribia mwaka wenyewe. Peter Wright hawana namba kama hiyo, kwa hiyo hapa mwaka kamili msiniulize. Halafu kuna Fisher, mwenye tai aliyetokeza ubavuni. Huyo mwili wake ni chuma cha kalibu na uso wa feleji, na ukimgonga halii, anatoa kishindo kizito tu. Watu humkataa wakidhani amepasuka, masikini! Na kichekesho ni hiki: Fisher alitengenezwa mji wa Trenton, New Jersey, lakini mafuawe yenye jina Trenton mengi yalitoka Columbus, Ohio. Usifuate jina la mji kichwa kichwa.

Umri sasa. Angalieni kisigino, yaani ncha ya nyuma: tundu la mraba, na kando yake tundu dogo la duara la kutobolea viatu vya farasi. Mafuawe ya Kiingereza ya zamani sana, kabla ya miaka ya 1830 hivi, kwa kawaida hayana hilo la duara. Hili linalo, kwa hiyo si la enzi hizo. Na huku chini... subirini nifute... ENGLAND. Neno hili nililifurahia kuliko jina lenyewe. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, na wafuaji wa Uingereza walikuwa na soko kubwa kule. Ndiyo maana fuawe lenye neno hilo huwekwa baada ya 1891 hivi.

Uso wake je? Naangusha gololi ya beringi. Sikilizeni... imerudi karibu ilikotoka. Hapa kati pia. Kwenye ukingo huu imedondoka tu, mmeona? Hapo feleji ya uso imeanza kuachana na mwili, na sauti yake imekufa kama debe.

Kwa hiyo ni Peter Wright, baada ya 1891, uso mzuri, ukingo mmoja mgonjwa. Aliyeandika kwamba ni la miaka 300, ndugu yangu, rudi uangalie hilo tundu la duara.